Sentensi inapokatikia njiani

*Kiharusi kinapomnyang'anya mtu maneno, mgonjwa wa Kanda ya Ziwa apimwe na kusaidiwa kwa lugha ipi?*

Na Mwandishi Wetu, Misungwi

SAA moja na nusu asubuhi stendi ya Usagara imeshachangamka. Hapa ndipo barabara inayotoka Mwanza inapogawanyika: moja inaendelea Misungwi na Shinyanga, nyingine inakata kwenda Kigongo, Sengerema na Geita. Konda mmoja kijana ananing'inia mlangoni mwa Hiace.

"Siti mbili zimebaki! Buhongwa, Nyegezi, Mjini!"

Bibi mmoja anasogea na gunia la viazi. Konda anashuka, anainama kidogo. "Mwangaluka, mayu." Wanapatana nauli ya mzigo kwa Kisukuma, kisha kijana anamgeukia dereva kwa Kiswahili: "Suka, funga buti… fungua buti, mzigo wa bibi upande."

Amekosea na kujisahihisha kwa pumzi ileile. Hakuna abiria aliyegeuka.

Kwa sekunde zile chache, kichwani mwa kijana huyo ilipita kazi nzito: kuchagua lugha, kutafuta maneno, kuyapa viambishi, kuyageuza sauti, na wakati huohuo kujisikiliza ili kosa likitokea alirekebishe. Sisi tunaiita kuongea tu.

Kilometa zipatazo 20 kutoka hapo, katika Hospitali ya Bugando iliyo juu ya kilima jijini Mwanza, hulazwa watu ambao kazi hiyo imewakatikia njiani. Wameletwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande, na jina la mke ambalo jana lilitoka bila kufikiri leo halitoki. Ndugu wanakaa kando ya kitanda wakijiuliza kama mzee wao bado ana akili zake.

Jibu la swali lao linategemea jambo ambalo hatulizungumzi vya kutosha: ubongo unavyoitengeneza sentensi, na unavyoielewa.

SENTENSI NDANI YA NENO MOJA

Chukua neno ambalo mzazi yeyote amewahi kumwambia mtoto mwezi unapokatika: *hatujakununulia*. Ni neno moja, lakini ni sentensi nzima. Kuna ukanushi, kuna watendaji, kuna wakati, kuna anayenunuliwa, kuna tendo lenyewe, na kuna kinyambuo kinachoonesha kwamba tendo ni kwa ajili ya mtu. Kipande kimoja kikikaa pasipo pake, neno zima linavunjika.

Katika Taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, Uholanzi, Willem Levelt na wenzake walitumia miaka mingi kupima hatua za kazi hii. Mtu mzima akioneshwa picha ya kitu anachokijua huchukua takriban milisekunde 600, yaani zaidi kidogo ya nusu sekunde, kabla ya kuanza kulitamka jina lake. Lakini mtu huyohuyo akiwa kwenye mazungumzo hutoa maneno mawili hadi matatu kwa sekunde.

Hesabu hizo mbili hazipatani mpaka ukubali kwamba hatua zinapishana. Neno moja likiwa mdomoni, la pili linavikwa sauti, la tatu ndiyo kwanza linatafutwa. Pamoja na mwendo huo, mteleko wa ulimi hutokea karibu mara moja tu kwa kila maneno elfu moja.

Na mteleko hauji ovyo. Konda wa Usagara hakusema "pika buti" wala "lala buti". Alisema "funga", neno lililo jirani na "fungua" kwa sauti na kwa maana pia. Maneno yote mawili yaliamshwa, na lisilotakiwa likawahi mlangoni. Wataalamu wa lugha wamekusanya maelfu ya makosa ya namna hii kwa sababu yanaonesha maneno yamehifadhiwa karibu na maneno gani.

Msikilizaji naye hasubiri. Utafiti wa lugha 10 kutoka mabara mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2009, ulionesha kwamba kati ya mtu kumaliza kuuliza na mwenzake kuanza kujibu hupita kwa kawaida muda wa milisekunde 200 hivi. Ikiwa kulitafuta jina la kitu kimoja tu kunahitaji 600, basi anayejibu alianza kuandaa jibu lake mwenzake akiwa bado anasema.

"Neno moja likiwa mdomoni, la pili linavikwa sauti, la tatu ndiyo kwanza linatafutwa."

MTUMBWI AU MVUVI?

Sikiliza taarifa hizi mbili, za aina inayoweza kusikika kwenye mwalo wowote wa Ziwa Victoria. Ya kwanza: *Mtumbwi wa mvuvi uliopotea umeonekana.* Ya pili: *Mtumbwi wa mvuvi aliyepotea umeonekana.*

Maneno ni yaleyale mpaka unapofika kwenye kitenzi. Mwanzo wa neno moja tu ndio unaobadilika. Ukisikia *ulio-*, kilichopotea ni mbao na nyavu, na sasa vimepatikana. Ukisikia *aliye-*, kuna nyumba inayoanza kulia. Mke wa mvuvi hahitaji kungoja mwisho wa sentensi. Ubongo wake umeshaamua kwenye silabi hiyo ya kwanza.

Ngeli, zinazowasumbua wanafunzi wa kigeni wa Kiswahili, zinamfanyia msikilizaji kazi hiyo kubwa. Zinaunganisha maneno yaliyo mbalimbali na kuziba njia zisizo sahihi mapema. Pale ngeli zinapofanana tunakwama: *mtoto wa jirani aliyekuja jana*. Nani alikuja, mtoto au jirani? Hapo ubongo unachagua kwa kufuata muktadha, na mara nyingine inabidi urudi nyuma kuchagua upya.

Kurudi nyuma huko kunaweza kupimwa kwa nyaya zinazobandikwa kichwani kurekodi umeme wa ubongo. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waligundua kwamba neno lisiloendana na maana ya sentensi, mfano wa *mama amepika ugali kwa viatu*, huamsha wimbi la umeme linalofikia kilele takriban milisekunde 400 baada ya neno hilo. Miaka 12 baadaye Lee Osterhout na Phillip Holcomb walieleza wimbi jingine, la milisekunde 600 hivi, linalotokea pale muundo unapokataa, kama mtu angesema *kitabu zimeanguka*.

Vipimo vya aina hii vimefanywa zaidi kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, wakiwemo Saima Malik-Moraleda na Evelina Fedorenko, walichapisha picha za ubongo za wasemaji wa lugha 45, Kiswahili kikiwemo. Mtandao uliowaka ulikuwa uleule kwa wote: sehemu ya mbele na ya ubavuni, kwa wengi upande wa kushoto. Ubongo wa msemaji wa Kiswahili hautumii mlango mwingine. Kinachotofautiana ni kazi ambayo lugha inaupa.

WANAPOPINGANA WATAALAMU

Hapo ndipo ubishi wa kisayansi unapoanza. Je, tunaipanga sentensi yote kabla ya kufungua kinywa, au tunaanza na neno la kwanza lililo tayari na mengine yanafuata?

Wanaoshikilia upande wa pili wana ushahidi mzuri. Katika majaribio yanayofuatilia macho, msemaji wa Kiingereza anayeeleza picha hutazama kitu cha kwanza, anakitaja, na macho yanahamia cha pili wakati mdomo bado uko kwenye cha kwanza.

Lakini lugha nyingine hazimruhusu mtu uhuru huo. Mwaka 2015 Elisabeth Norcliffe na wenzake walichapisha utafiti wa Kitzeltal, lugha ya Mexico ambayo kitenzi chake hutangulia. Wasemaji walilazimika kuutazama uhusiano wa wahusika wote mapema zaidi, kwa sababu kitenzi hakitamkiki bila kuujua.

Msemaji wa Kiswahili anaweza kuipima hoja hiyo mwenyewe. Sema: *Nimezileta zile ndizi.* Kiambishi *-zi-* kimetangulia, ndizi zimekuja mwisho. Huwezi kukitamka kama hujajua tayari kwamba unazungumzia ndizi na si maembe. Kwa sentensi kama hiyo lazima ubongo uone mbali. Kwa nyingine, kama *siti mbili zimebaki*, unaweza kuanza na ulichonacho na kuendelea. Naona jibu la haki ni kwamba tunafanya yote mawili, na sarufi ya lugha ndiyo inayoamua umbali wa kutazama mbele.

Florian Jaeger na Elisabeth Norcliffe walipopitia tafiti za utungaji wa sentensi mwaka 2009, walikuta zimegusa lugha zipatazo 30 tu duniani. Kanuni nyingi tunazoambiwa ni za "ubongo wa binadamu" zimetoka kwenye kapu hilo dogo. Kanda ya Ziwa, ambako mtu mmoja anaweza kujua Kisukuma, Kikerewe na Kiswahili, ni mahali ambapo sayansi hii ingejifunza mengi.

KUPOTEZA MANENO SI KUPOTEZA AKILI

Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu: "tan". Alielewa aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliukuta ubongo wake umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza hali nyingine: mgonjwa anayeongea kwa wepesi lakini maneno hayajengi maana, na yeye mwenyewe haelewi anachoambiwa. Hapo jeraha lilikuwa nyuma zaidi, ubavuni.

Hali hizi huitwa afasia. Leo tunajua mipaka si mikali kama walivyodhani waasisi hao, lakini tofauti waliyoiona ingali inaonekana wodini.

Takriban theluthi moja ya wanaopata kiharusi huwa na afasia mwanzoni. Na kiharusi si ugonjwa wa nchi tajiri peke yake. Utafiti wa Richard Walker na wenzake wilayani Hai na jijini Dar es Salaam, uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006, ulikuta Dar es Salaam kiwango cha wagonjwa wapya takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Hicho ni kiwango cha juu kuliko cha nchi nyingi tajiri. Chanzo kikubwa ni presha isiyotibiwa.

Mgonjwa wa aina aliyoieleza Broca anaumia kwa sababu anajua. Anataka kusema *nipeni maji*, linatoka *maji… maji… mimi*. Viambishi vinapukutika, maneno mazito yanabaki. Anaona aibu, analia, mwishowe ananyamaza.

Wa aina ya Wernicke yuko hatarini zaidi machoni pa jamii, maana anaongea. Sauti ni yake, mwendo ni wake, lakini maneno yanakwenda mrama. Majirani wanasema amerukwa na akili, wengine wanasema amerogwa, na safari ya kwenda kwa mganga inaanza saa ambazo hospitali ingeweza kufanya kitu.

Kilicho hatarini ni zaidi ya mazungumzo. Mzee aliyepoteza sentensi anaweza kunyimwa kauli juu ya ng'ombe wake, shamba lake, hata matibabu yake, kwa kudhaniwa hana akili timamu. Hili linaniuma. Mtu anayeitambua hati ya kiwanja chake, anayetingisha kichwa kwa "ndiyo" na "hapana" pale panapostahili, anastahili kusikilizwa hata kama hana kitenzi.

"Anaweza kunyimwa kauli juu ya ng'ombe wake na shamba lake, kwa kudhaniwa hana akili timamu."

KISUKUMA AU KISWAHILI?

Sasa tufike kwenye mgogoro wenyewe. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alitoa kanuni kwamba kumbukumbu za zamani zaidi ndizo hudumu. Kwa lugha, maana yake ile ya utotoni hurudi kwanza. Mwaka 1895 Albert Pitres wa Bordeaux alipinga: kwa wagonjwa wake iliyorudi kwanza ilikuwa lugha waliyoitumia zaidi kabla ya kuugua, iwe ya utotoni au la.

Zaidi ya karne moja baadaye hakuna aliyeshinda kabisa. Michel Paradis wa Montreal, aliyekusanya visa vingi vya wagonjwa wa lugha mbili, alionesha kwamba njia ya kawaida zaidi ni lugha zote kurudi pamoja. Lakini wapo ambao moja hurudi na nyingine hubaki nyuma, na wapo wanaozichanganya bila kukusudia.

Kwa Usagara hili si jambo la vitabuni. Mkulima wa pamba mwenye miaka 70 huenda amekuwa akiongea Kisukuma nyumbani na zizini, na Kiswahili kwenye chama cha ushirika, kanisani na ofisi ya kijiji. Akipimwa kwa Kiswahili tu na kushindwa, ataandikwa kwamba lugha imekufa, kumbe Kisukuma kipo.

Wanaotetea Kiswahili wana hoja ya kweli. Wauguzi na madaktari wanatoka Kilimanjaro, Mbeya, Kagera na kwingineko. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha na mgonjwa. Ukimtumia ndugu kama mkalimani, ndugu huyo kwa mapenzi yake ataitengeneza sentensi iliyovunjika kabla ya kuifikisha. Mgonjwa akisema vipande vitatu vya maneno, mtoto wake atasema, "Anaomba dirisha lifungwe." Daktari anabaki hajui sentensi ilivunjikia wapi.

Wanaotetea lugha ya nyumbani wanajibu kwamba mgonjwa atarudi nyumbani, hatarudi wodini. Watakaokaa naye miezi yote ya kujifunza upya ni mke, watoto na wajukuu. Mazoezi yasiyoingia katika lugha ya sebuleni yanaishia kwenye lango la hospitali.

Mimi naegemea kupima lugha zote mbili na kuanza mazoezi pale penye uhai zaidi. Kisukuma na Kiswahili zote ni za Kibantu, zote zina ngeli na viambishi, na kinachofufuliwa katika moja kinaweza kuisaidia nyingine. Mkalimani anaweza kupewa sharti moja jepesi: rudia alichosema kama alivyokisema, usikipange.

Ugumu mkubwa ni watu wa kufanya kazi hiyo. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache mno Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha kwa ngazi ya shahada mwaka 2008. Mzigo unaangukia wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia ambao hawakusomea sentensi.

WATOTO NAO

Tusidhani haya ni ya wazee pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba kaskazini-magharibi mwa Tanzania mtoto mmoja kati ya watano amebeba chembe ya urithi ya sikoseli. Wanaozaliwa na ugonjwa wenyewe wanaweza kupata kiharusi kabla hawajamaliza shule ya msingi.

Hapa Bugando imefanya kazi ya kujivunia. Kwa kushirikiana na hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, watafiti wake waliwapima watoto wapatao 200 wenye sikoseli kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonesha kasi ya damu kichwani. Karibu robo yao walikuwa na kasi inayoashiria hatari ya kiharusi. Walipewa dawa ya haidroksiyurea, na baada ya mwaka mmoja kasi hiyo ilikuwa imeshuka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023.

Malaria kali nayo inaacha alama. Huko Kilifi, Kenya, Julie Carter, Joseph Gona, Charles Newton na wenzao waliwafuatilia watoto walionusurika malaria ya kichwani. Zaidi ya mmoja kati ya kila 10 alikuwa na matatizo ya lugha, ilhali kwa watoto ambao hawakuugua hivyo ni wawili tu kati ya 100. Mwalimu wa darasa la tatu anayemwita mtoto wa namna hiyo mzito wa kuelewa huenda anaitazama homa ya miaka mingi iliyopita.

WIMBO UNAPOTANGULIA

Kabla ya mazoezi ya lugha kuna kuwahi hospitali. Kwa mwenye kiharusi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu ina manufaa ikitolewa ndani ya saa 4 na dakika 30 tangu dalili zianze, tena baada ya CT scan kuthibitisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Tangu Daraja la John Pombe Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema havuki tena kwa kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Anavuka kwa dakika chache. Saa zinazopotea sasa ni zile za nyumbani. Ukiona uso umelegea upande mmoja, mwambie ainue mikono yote miwili, kisha mwombe arudie sentensi fupi kwa lugha aliyokulia. Ikitoka imevunjika, usingoje kesho.

Wodini, kuna mtego wa kuangaliwa. Salamu, kuhesabu, sala na nyimbo hukaa kichwani kama vifungu vizima na mara nyingi husalimika hata pale sentensi mpya zinaposhindikana. Mgonjwa anaweza kuitikia "mwangaluka" vizuri kabisa, muuguzi akaandika kwamba anaongea, na dakika moja baadaye akashindwa kuomba maji.

Mtego huohuo umegeuzwa kuwa tiba. Mwaka 1973 Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm wa Boston walieleza mbinu ya kumfundisha mgonjwa kuimba kifungu kifupi chenye manufaa, *nataka maji*, huku akigonga kwa mkono wa kushoto, kisha kukipunguzia lahani kidogokidogo mpaka kibaki usemi. Haimfai kila mgonjwa, na ushahidi wa nguvu yake bado unajadiliwa, lakini haihitaji mashine wala umeme.

Usukumani, nchi ya mashindano ya ngoma kati ya vikundi vya Bagika na Bagalu, ambako Kituo cha Bujora pale Kisesa kimehifadhi ngoma na utamaduni wa Wasukuma kwa miongo kadhaa, hatupungukiwi na lahani. Mtaalamu wa tiba ya usemi akikaa na waimbaji wazee wa Misungwi, pamoja na muuguzi mmoja wa wodi ya kiharusi anayejua Kisukuma, wataweza kuchagua vifungu 20 vya kila siku: maji, maumivu, choo, dawa, nataka, sitaki, ndiyo, hapana. Kazi hiyo inaweza kuanza mwaka huu.